Msumeno Uliougua Asubuhi Tu

Kisangani, siku moja kabla ya meli

Donatien mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo nyuma ya ukuta ukipigana na sanduku. Bawaba umeshaipiga nyundo mara tatu, na bawaba haina kosa lolote. Ni viatu vyako vipya, umevilaza vibaya, ndivyo vinavyozuia kifuniko. Ningeweza kuinuka nikakuambia. Lakini nimechoka kukuambia mambo, na sasa nimeshakaa na kalamu. Piga tu.

Sabuni, dawa ya malaria, misa ya Jumapili, wasichana wa kambini: hayo mama yako ameyasema tangu Jumatatu, na kesho atayarudia bandarini mbele ya watu, utake usitake. Mimi nayaruka yote. Nina jambo moja tu, na nimelikwepa kwa miaka mitano. Juzi nilijaribu kulisema kwa mdomo tukiwa karakanani. Nilikuwa nimeshasafisha koo, nimeshasema "Donatien, sikia," nawe ukaniuliza iko wapi tupa ndogo. Nikakupa tupa. Ndiyo maana naandika, karatasi haina haja na tupa.

Kilichonisukuma ni Jumamosi iliyopita. Wale wakataji wawili walioshuka kutoka msituni walikuletea msumeno wa injini, wakasema unazimika wakiwa katikati ya mti. Ukauweka juu ya meza, ukavuta kamba, nao ukanguruma vizuri kabisa. Ukauzima. Ukafuta mikono. Ukawaambia, "Masini iko muzima. Ni ninyi hamujue kutumika nayo." Mmoja alitaka kueleza, ukamwonyesha mlango. Wakaubeba msumeno wao wakaondoka, nawe ukaanza kupiga mluzi.

Nilikuwa nyuma yako nanoa mnyororo. Niliacha kunoa. Si kwa sababu ulikosea, kukosea kila fundi hukosea, bali kwa sababu maneno yale ni yangu. Hukuyatunga wewe. Umeyaokota katika nyumba hii, pamoja na ule mluzi. Na kesho unakwenda nayo kwenye kambi nyuma ya Barumbu, ambako utakuwa fundi peke yako na watu ishirini watashika mashine utakazosema ni nzima.

Basi nikueleze kuhusu Botamba. Hadithi yake unaijua, lakini unaijua nusu, na nusu hiyo ni ya uongo.

Misumeno ya injini ilipofika kwetu mara ya kwanza, hakukuwa na fundi wake. Kulikuwa na mimi. Nilikuwa natengeneza pampu za maji na baiskeli, na mzungu mkuu wa kambi akaona kwamba mtu anayejua pampu atajua na hiki. Miti tulikuwa tunaiangusha kwa shoka na msumeno mrefu wa watu wawili. Sasa ikaja mashine ya mtu mmoja, ina tangi la petroli, ina mnyororo wenye meno unaozunguka ubapa wa chuma, inapiga kelele kuliko maporomoko. Botamba, mtu wa Isangi, ndiye aliyekuwa mkataji wa kwanza kupewa. Alikuwa mpole, mwenye mikono mikubwa. Alizungumza polepole, na mimi mtu anayezungumza polepole hunitia wazimu. Unalijua hilo.

Mwezi wa kwanza tu, msumeno wake ukaanza ugonjwa. Ulikata dakika kumi, ukakohoa, ukafa. Baada ya kupumzika ukaamka kama haukuwa na lolote. Nilibadilisha buji, ile ya kutoa cheche. Nilibadilisha waya. Kabureta niliifungua mara mbili, nikaianika vipande vipande kwenye ungo wa mama yako, akanisema siku nzima. Nilipoteza wiki. Mwishoni Botamba akaja, akasimama pembeni mpaka nilipochoka kujifanya simwoni, akasema, "Fundi, nikifunguaka kifuniko ya esansi, mi nasikia masini inavuta pumuzi. Kisha inatembea."

Nikakiangalia kifuniko cha tangi la petroli. Kina tundu dogo la kuingiza hewa, dogo kuliko tundu la sindano. Nyigu, wale wanaojenga kwa udongo, alikuwa amelikandika. Hewa haiingii, petroli haishuki, mashine inakufa kwa kiu na tangi limejaa. Nilitoboa ule udongo kwa mwiba, kazi ikaisha.

Ungetegemea nimshukuru. Nilimwambia, "Bon, ungesema mapema." Na alikuwa amenieleza tangu siku ya pili, ila siku ya pili nilikuwa sisikilizi. Watu walicheka kidogo, walisema nyigu ni fundi kuliko fundi. Mimi sikucheka. Nilianza kumchukia Botamba siku hiyo, Donatien, kwa sababu alinisaidia. Sijui kama umri wako unaelewa jambo la namna hiyo. Natumaini huelewi.

Mwaka uliofuata maji ya mto yalipungua sana, na meli iliyokuwa ikituletea mafuta ya mnyororo ikakwama kwenye mchanga huko chini. Ule mnyororo lazima uloe mafuta wakati wote. Kuna tangi dogo la pili, na kifungo cha kubonyeza kwa kidole gumba, ukibonyeza yanatoka kwenye tundu na kuingia katika mfereji wa ubapa. Bila mafuta, chuma kinasuguana na chuma, kinaungua. Katika pipa letu yalibaki kina cha viganja viwili tu. Mzungu alikuwa anazunguka kambi akigombana na kila mtu, hata na mbwa wake. Mimi nikamwambia tutumie mawese.

Nilijiona mjanja kuliko wote. Tuna mawese kila mahali, tunayala, tunajipaka, tunawashia taa. Niliyachuja kwa kitambaa mara mbili, nikayatia kwenye tangi, na saa nane mchana nikawasha msumeno mbele ya wote. Yalitoka mekundu, laini, mnyororo ukateleza, gogo likaanguka. Mzungu alinipiga mgongoni akasema, "Fundi muzuri sana." Nilirudi nyumbani kifua mbele. Uliniuliza nacheka nini nikakusimulia, ukaenda kuwasimulia wenzako wote.

Kisha mvua zikarudi, na asubuhi zikawa na ukungu na baridi. Botamba akaja kulalamika. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, maneno yale yale, polepole vile vile: "Fundi, asubui kifungo iko nguvu. Mi nasukuma, mafuta hapana kutoka. Munyororo inakauka, inatoa moshi."

Sasa sikia ujinga wangu ulivyopangwa vizuri. Msituni nilikuwa nafika na lori la chakula, na lori la chakula lilifika saa sita. Saa sita jua liko kichwani, mashine imefanya kazi tangu alfajiri, ni ya moto. Nabonyeza kifungo, mafuta yanatoka. Kila mara. Nikamuuliza, "Saa hii iko inatoka ao hapana?" Akasema, "Saa hii iko inatoka." "Donc masini iko muzima."

Mara ya tatu wakataji wote walikuwa wamekaa wakila. Nilibonyeza, yakatoka, nikamwonyesha kila mtu kidole changu chekundu. Nikasema kwa sauti, "Masini iko muzima. Ni kidole yake ndio iko muvivu." Walicheka mpaka wengine wakapaliwa na kwanga, ule mkate wa mihogo. Tangu saa hiyo akaitwa Kidole Kivivu, hata na watoto. Yeye alitabasamu, akachukua msumeno wake, akaenda. Nakumbuka alitembea akiuangalia kama mtu anayebeba mgonjwa aliyekataliwa hospitalini.

Siku tatu baadaye, asubuhi mapema, mnyororo ulikatika. Ulikuwa umekauka na kuungua tangu aliposhika mti wa kwanza. Ulimpiga mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Walimleta kwenye lori lile lile la chakula. Daktari aliushona, akasema mishipa imekwenda. Mkono ulipona kwa nje, lakini vidole havikufunga tena. Mtu mwenye mikono ile hakuweza kushika hata shoka.

Mzungu akanituma niuchunguze msumeno na kusema sababu. Nilikwenda saa sita. Lori, unaona. Nilikuta ubapa umegeuka rangi ya bluu, alama ya chuma kilichoungua kwa kukosa mafuta. Tangi lina mafuta. Tundu liko wazi. Nikabonyeza, yakatoka. Nikahesabu kama mwalimu wa shule: mafuta yapo, tundu liko wazi, ubapa umeungua, kwa hiyo mkataji hakubonyeza. Karani akaandika hivyo hivyo, nami nikatia sahihi. Hapakuwa na kosa katika hesabu yangu. Ilikuwa uongo tu. Botamba akafukuzwa kwa uzembe, akarudi kwao Isangi na mkono wake kifuani.

Hapo ndipo nusu unayoijua inapoishia. Sasa nusu yangu.

Haukupita mwezi. Ilikuwa asubuhi ya baridi, nimekaa nasubiri kula, wewe uko na kama miaka kumi na mitano, una usingizi machoni. Mama yako anapika pondu, majani ya mihogo. Akakuambia umpe mawese. Ukachukua chupa, ukaipindua juu ya sufuria, hakikutoka kitu. Ukaitikisa. Mama yako, bila hata kugeuka, akasema, "Weka karibu na moto, mafuta ingali imelala."

Nilijua, Donatien. Ndilo linalonikera mpaka leo. Hakuna mtu wa Kisangani asiyejua kwamba mawese hulala kwa baridi. Mtoto anajua. Nimezaliwa kwenye nyumba ambayo kila asubuhi chupa inasogezwa motoni. Lakini kwangu jikoni palikuwa jikoni na karakana palikuwa karakana, na mambo ya wanawake sikuyahesabu kuwa elimu. Nilikuwa na kabureta kichwani, chupa ya mke wangu nitaiweka wapi?

Niliacha sahani. Uliniuliza naenda wapi, nikakugombeza. Karakanani kulikuwa na msumeno mmoja ambao bado ulikuwa na mawese. Niliulaza nje usiku ule, na alfajiri nikaenda nikabonyeza kifungo. Hakikwenda. Nikabonyeza kwa nguvu. Nikabonyeza kwa vidole gumba vyote viwili, nikiegemea kwa uzito wangu wote, kikatoka kitu kama punje ya mahindi, kigumu, cha njano, kikasimama kwenye tundu. Nilikaa chini pale kwenye matope. Nililia, kama unataka kujua. Kisha nikaangalia kama kuna mtu ameniona.

Wakati huo meli ilikuwa imeshafika na mafuta halisi. Nikaosha matangi yote kwa petroli, nikasema ni usafi. Hakuna aliyeuliza. Mganga hajigangi, lakini mimi nilikuwa mganga niliyempa mtu sumu, kisha nikaandika kwamba alikufa kwa ukaidi. Ningeweza kwenda kwa mzungu asubuhi ile ile. Nilisema nitakwenda wiki ijayo. Mzungu akahamishwa. Nikasema sasa nimwambie nani? Njia ya mwongo fupi, watu husema, lakini hii yangu imekuwa ndefu vya kutosha kuleta mtoto wangu mpaka utu uzima.

Na wewe ukakua na lile jina. Mtu akiangusha kijiko mezani hapa, unasema, "Ona Kidole Kivivu." Dada zako wanacheka. Mama yako anacheka. Mimi nilikuwa naomba chumvi.

Nikirudi kwa wale wawili wa Jumamosi: msumeno wao sijui una nini, wala wewe hujui. Ulinguruma mezani, lakini wao hawakati meza. Labda unazimika ukiinamishwa, labda ukipata moto, labda baada ya dakika kumi. Yule uliyemwonyesha mlango ndiye alikuwa anataka kukwambia. Mimi sasa nikipokea mashine sigusi bisibisi kwanza. Namuuliza mtu, inaanza saa ngapi? Ulikuwa umeishika vipi? Tangu lini? Na kama iliwahi kupita mikononi mwangu, naanza kutafuta pale nilipogusa mwisho, ingawa ndipo pananiuma kutazama. Ikiwa inaugua alfajiri, naenda alfajiri, kwa miguu ikibidi, lori lina ratiba yake na ugonjwa una yake. Hujawahi kuniuliza kwa nini naamka nakwenda msituni gizani mzee mzima. Ulidhani ni bidii.

Jumapili baada ya misa nilimwambia mama yako. Nilidhani atanifariji. Alikuwa anachambua majani ya mihogo, mikono haikusimama hata kidogo. Nilipomaliza akasema, "Na miaka yote hii uko unakula mafuta yangu, unanyamaza?" Hajasema neno jingine kuhusu jambo hilo tangu siku ile. Chakula anaweka mezani, anatoka.

Jana nilikwenda ofisi ya kampuni kueleza. Karani mpya, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, alitafuta ile karatasi akaikosa. Aliniambia, "Papa, ile maneno ilikwisha. Juu ya nini unaifufua?" Nilimwambia aandike, kwamba kosa lilikuwa la fundi. Alikataa, alisema hakuna pa kuandika. Kwa hiyo serikali nzima na kampuni nzima wamenisamehe, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepoteza mkono.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wewe unapoingia. Karani huyo huyo alinionyesha orodha ya wakataji wa kambi unayokwenda. Karibu wote ni watu wa Isangi, na wa nne kwenye orodha ni mdogo wake Botamba, tumbo moja. Nakujua mwanangu. Siku ya kwanza mtu ataangusha kitu, nawe utafungua mdomo na kutoa lile jina, mbele ya mdogo wake, ukicheka, ukiwa mtoto wa mtu aliyelitunga. Na siku ya pili mmoja wao atakuletea msumeno akuambie kitu polepole. Nikikuacha uende hivyo nitakuwa nimevunja mkono wa pili.

Umeniuliza asubuhi kwa nini natafuta viatu vyangu vya misa. Nimekuambia nitakusindikiza mpaka Isangi nikamsalimie tonton, mjomba wako. Nimekudanganya tena, na naona sikuchukua hata muda wa kufikiri, uongo umeshazoea njia. Tonton nitamsalimia siku nyingine. Ninakwenda kwa Botamba. Nimeulizia, anakaa upande wa soko, anasuka mitego ya samaki kwa mkono wa kushoto na meno.

Barua hii nitakupa tukishapita Yanonge, kabla ya kufika Isangi, ili usiwe na muda mrefu wa kugombana nami. Utakapofika mstari huu nitakuwa mbele ya meli, nakupa mgongo. Usije. Usinishike bega. Meli ikigusa Isangi nitashuka, na wewe utabaki na sanduku lako. Sijui atanipokea vipi. Anaweza kunifukuza, anaweza kuita ndugu zake. Anaweza kunipa kiti, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Kwa vyovyote nitamwambia mbele ya mtu yeyote aliyepo kwamba kidole chake kilikuwa kizima, na kwamba mkono wake niliuua mimi, kisha nikamcheka. Nitarudi kwa mtumbwi.

Nakupenda, na umenichosha, na nimekuchosha. Lakini kambini habari itafika kabla hujafungua lile sanduku, mto hubeba maneno haraka kuliko meli. Watakuja kukutazama. Mdogo wake atakuja. Usinitetee. Usiseme papa alikuwa bado hajazoea mashine, usiseme ni baridi, usiseme alishaomba msamaha. Wakikuuliza wewe ni mtoto wa nani, wape jina langu lote, kisha nyamaza, uwasikilize mpaka wamalize.

Papa yako